Joto la Mwezini: maswali ninayoulizwa kwenye karakana ya friji, Nakuru

Karakana yangu iko Nakuru, upande ambao matatu za Kisumu hungoja abiria, kwa hiyo benchi langu halikosi watu. Anayesubiri gari lijae hukaa, anayesubiri friji yake hukaa naye, na siasa zikishawachosha wanaingia Mwezini: je, Wamarekani walifika huko kweli, au ni uongo? Hoja ya bendera kupepea haina maisha marefu hapa. Inayorudi kila mara ni hii: wale wanaanga wa Apollo, safari za Marekani za kwenda Mwezini, wamefungwa ndani ya mavazi mazito, juani, pasipo hewa, walikosaje kuiva? Na kwa kuwa kazi yangu ni kuhamisha joto kutoka mahali hadi mahali, macho yote hunigeukia mimi. Nimeyaweka majibu hapa ili nikiwa na kompresa wazi mezani niweze kumwambia mtu asome kwanza, tubishane baadaye.

Fundi, hoja hii ya joto si upuuzi tu?

Si upuuzi hata kidogo. Katika hoja zote za wanaokana safari hizo, hii ndiyo yenye fizikia ndani yake. Chukua kalamu. Mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi. Akitembea, akichimba na kubeba mawe, anafika wati 300, na kwa muda mfupi anapita hapo. Sasa mfunge mtu wa kilo 80 ndani ya vazi lisilopitisha kitu, umwache afanye kazi ya wati 300. Mwili wake utapanda nyuzi moja kila baada ya robo saa. Saa moja ikiisha ametoka nyuzi 37 amefika 41, na hapo huhitaji daktari kukuambia kinachofuata.

Neil Armstrong na Buzz Aldrin wa Apollo 11, wa kwanza kukanyaga Mwezi, walikaa nje ya chombo chao kwa saa mbili na nusu. Wa mwisho kabisa, Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17, Desemba 1972, walitoka mara tatu na kila mara walikaa nje zaidi ya saa saba. Kwa hiyo anayesema wangekufa kwa joto anasema kweli tupu, kama vazi halikuwa na njia ya kutoa joto hilo. Ubishi wote uko kwenye hilo "kama".

Lakini angani si ni baridi kali? Wangepoa wenyewe.

Hili ni jibu la watu wa upande wangu, na ndilo linalotupotezea mechi. Baridi ya asubuhi ya Molo inakuuma kwa sababu hewa inagusa ngozi, inachukua joto, inasonga, inakuja nyingine. Mwezini hakuna hewa ya kukugusa. Joto linabakiwa na njia moja kubwa: kutoka kama mnururisho, ule unaousikia usoni ukikaa mbali kidogo na moto wa kuni. Njia hiyo ipo, ila vazi lilitengenezwa makusudi kuiziba. Chini ya kitambaa cheupe cha nje, kilichofumwa kwa nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon, kulikuwa na tabaka nyingi za plastiki nyembamba yenye alumini. Zilizuia joto la jua lisiingie, na kwa kazi hiyohiyo zikazuia joto la mwili lisitoke.

Nikimsikia kijana anamjibu mzee asiyeamini kwamba "kule ni baridi, mzee", naweka bisibisi chini. Mzee amepewa ushindi wa bure.

Basi walikuwa na AC mgongoni?

Hapana, na hapa tena mbishi yuko sawa. AC haiui joto. Inalichota upande huu na kulitupa upande ule, na upande ule lazima kuwe na kitu cha kulipokea. Gusa koili nyeusi nyuma ya friji ya zamani: joto la maziwa yako liko pale, linangoja hewa ya jikoni iliondoe. Peleka friji hiyo Mwezini uone. Koili itapata moto, itazidi kupata moto, mpaka kompresa ijizime.

Halafu kuna suala la betri, ambalo wabishi wa kweli hulijua. Betri ya mkoba wa mgongoni ilikuwa ya fedha na zinki, yenye nguvu ya wati 280 kwa saa moja hivi katika safari za kwanza. Haiwezi kuendesha AC ya kumpoza mtu anayefanya kazi ngumu saa nzima baada ya saa nzima. Hesabu yao ni safi. Walichokosa ni kwamba betri haikupewa kazi ya kupoza. Ilizungusha pampu ndogo ya maji na feni ya oksijeni, ikalisha redio na vipimo, basi.

Kwa hiyo joto lilikwenda wapi?

Dereva mmoja wa malori, sasa amestaafu, alilijibu hili mwenyewe akiwa kwenye benchi. Alianza kwa kunitega: "Kijana wangu, radieta bila upepo inapoza injini?"

"Haipozi, mzee wangu."

"Na Mwezini kuna upepo?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Nikamuuliza yeye alikuwa akifanya nini lori likichemka kwenye kilima cha Mau Summit, mkanda wa feni umekatika na mzigo uko nyuma. Akasema alikuwa anaendelea kuongeza maji na kuyaacha yatoke kama mvuke, hadi afike penye fundi. Kisha akanyamaza, akanitazama. "Walikuwa wanayachemsha na kuyamwaga?"

Karibu sana na hivyo. Anza kwenye ngozi. Ndani kabisa mwanaanga alivaa nguo ya kubana iliyoshonewa vijibomba vyembamba vya plastiki, ukivinyoosha vyote ni kama mita 90. Maji yalipita humo, takriban lita 1.8 kila dakika, kwenye kifua, mgongo, mapaja na mikono, yakichota joto kabla jasho halijapata sababu ya kutoka. Hayo ni maji ya mzunguko, yanakwenda na kurudi.

Yakiwa yamebeba joto, yalipanda kwenye mkoba wa mgongoni na kupita kwenye kifaa kiitwacho sublimeta. Hapo kulikuwa na maji mengine kabisa, kutoka tangi lake lenyewe, ambayo safari yake haikuwa na kurudi. Haya yalisukumwa taratibu hadi kwenye bamba la nikeli lenye vitundu vidogo mno, ambalo uso wake wa nje ulitazama ombwe, yaani mahali pasipo hewa kabisa. Yakifika kwenye vitundu, yanaganda. Barafu ile haiyeyuki kuwa maji tena. Inageuka mvuke moja kwa moja na kutokomea, na kila gramu inayotoka inaondoka na joto lililoletwa na maji ya mzunguko.

Kama fundi, kinachonifurahisha ni kwamba sublimeta yenyewe haina kitu kinachozunguka wala thamostati. Mwanaanga akifanya kazi kwa nguvu, joto linaongezeka, barafu inaisha upesi, maji mengine yanaingia na kuganda mahali pake. Akipumzika, barafu inakaa. Yeye mwenyewe alikuwa na vali ya ngazi tatu ya kuamua maji kiasi gani ya mzunguko yapitishwe kwenye ubaridi: kidogo, wastani, mengi. Friji zinazoletwa hapa zingekuwa na vitu vichache vya kuharibika kiasi hicho, ningekuwa nimefunga karakana.

Maji yagandeje juani, tena yakiwa yanapashwa joto?

Swali zuri, na jibu lake ni presha. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na maji yetu huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Kisumu, ambako ni chini, ni kama 96. Panda Timboroa ni 91, na ndiyo maana maharagwe ya huko hula kuni nyingi. Presha ya hewa ikipungua, maji huchemka mapema. Ukiendelea kuipunguza, yatachemka yakiwa vuguvugu, halafu yatachemka yakiwa baridi kama ya mtoni.

Mafundi wa friji tunafanya jambo hili kila mara. Kabla ya kutia gesi unafunga pampu ya ombwe kwenye mfumo, unavuta, na unyevu uliobaki kwenye paipu unachemka na kutoka bila moto wowote. Ila mwenye haraka hukutana na kisa kingine. Kama friji ilikuwa imeingiwa na maji mengi, na pampu ni ya nguvu, maji hayatoki yote: mengine yanaganda palepale ndani ya paipu. Geji inasoma vizuri, unafikiri umemaliza, unatia gesi, na baada ya muda barafu inayeyuka na kwenda kuziba kapilari, kile kijibomba chembamba cha kupitishia gesi. Mwenye friji anarudi na maneno yake.

Yanaganda kwa sababu kila tone linalogeuka mvuke linahitaji joto, na linalichukua kwa jirani yake. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanalijua hilo kama joto fiche. Presha ikishuka chini ya sehemu sita kwa elfu ya ile ya usawa wa bahari, maji hayana tena hiari ya kubaki majimaji: ama ni barafu, ama ni mvuke. Mwezini presha ni karibu na sufuri. Jua likiwepo, bado ni hivyohivyo.

Tangi dogo namna ile lingetosha saa saba?

Tupige hesabu, maana mbishi asipoona namba haondoki. Kilo moja ya maji ikitoka kwa njia hii hubeba megajouli 2.5 hivi. Wati 300 kwa saa moja ni megajouli 1.08. Kwa hiyo kila saa inakula gramu 430 hivi, chini ya nusu lita.

Armstrong na Aldrin, kwa saa mbili na nusu: kilo 1.1. Tangi la mikoba yao lilichukua karibu kilo 3.9. Cernan na Schmitt, kwa saa saba na nusu: kilo 3.2, na juu yake uweke joto la pampu, joto la kemikali iliyokuwa ikinasa kaboni dioksidi, na kiasi kidogo cha jua kilichopenya. Tangi la mikoba ya Apollo 15 hadi 17 lilikuwa limeongezwa hadi kilo 5.2.

Tazama hapo vizuri. Matembezi yaliporefushwa, tangi lilikuzwa. Mtu anayetunga hadithi kwa ajili ya televisheni hana haja ya kusumbuka na ukubwa wa tangi lililofichwa ndani ya mkoba.

Mbona picha hazionyeshi mvuke ukitoka mgongoni?

Mvuke wa maji hauonekani hata jikoni kwako. Kile cheupe juu ya sufuria ni vitone vya maji, vimetokea baada ya mvuke kupozwa na hewa. Mwezini hakuna hewa ya kuupoza ushikane. Kila molekuli inakwenda zake kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde. Na tunaongea gramu saba hivi kwa dakika.

Na zile nyuzi 120 za joto la Mwezini zinazotajwa kila mahali?

Ni za kweli, lakini ni za udongo, adhuhuri, karibu na ikweta ya Mwezi. Mchana wa Mwezi hudumu karibu siku zetu 14, na safari za Apollo zilitua asubuhi ya mchana huo mrefu. Apollo 11 ilitua jua likiwa digrii 10 hivi tu juu ya upeo. Walichagua hivyo kwa sababu vivuli virefu humsaidia rubani kuona mashimo na mawe kabla ya kugusa chini. Udongo uliopigwa na jua la pembeni namna hiyo hauko karibu na 120, na wala hakuna hewa ya nyuzi 120 inayomzunguka mtu kama ilivyo ndani ya tanuri la mkate.

Jua lenyewe ni kali, sikatai: karibu wati 1,360 kwa kila mita ya mraba, bila wingu la kulipunguza. Ndiyo maana vazi lilikuwa jeupe. Lakini mzigo mkubwa wa mfumo wa kupoza ulikuwa mtu mwenyewe. Tena baada ya matembezi, Armstrong na Aldrin walipojaribu kulala ndani ya chombo, kilichowanyima usingizi ni pamoja na baridi.

Viatu? Glovu? Filamu ya kamera?

Udongo wa Mwezi ni vumbi kavu lisilo na hewa kati ya chembe zake, hupitisha joto vibaya sana, na viatu vya nje vilikuwa na soli ya mpira wa silikoni. Glovu nazo zilikuwa na tabaka zake za kuzuia joto. Kamera za Hasselblad zilizotumika nje zilikuwa na rangi ya fedha ya kurudisha mwanga, na plastiki ya filamu ilikuwa poliesta, ambayo huyeyuka karibu nyuzi 250. Mtu akikuambia filamu ingeyeyuka, muulize kwa nyuzi ngapi.

Walijuaje kwamba mfumo huu utafanya kazi?

Kwa kushindwa kwanza, na mbele ya watu. Mavazi ya mradi wa Gemini, uliotangulia Apollo, yalipoza kwa gesi: oksijeni ilipitishwa mwilini ili ikaushe jasho. Juni 1966, Eugene Cernan, huyuhuyu wa Apollo 17, alitoka nje ya Gemini 9A kwa zaidi ya saa mbili. Vazi lilikuwa gumu kulikunja, kila tendo lilimgharimu nguvu, na jasho likazidi uwezo wa gesi kulikausha. Moyo ulifika mapigo 180 hivi kwa dakika. Kioo cha kofia kikajaa ukungu ndani, akabaki anakisugua kwa pua apate kijitundu cha kuonea. Kazi aliyotumwa haikukamilika.

Anayeishi Kisumu ataelewa haraka. Mchana wa joto, hewa ikiwa imejaa unyevu wa ziwa, unatoka jasho jingi na halikupozi, kwa sababu halikauki. Linashikana tu na shati. Cernan alikuwa ndani ya hali hiyo akiwa amefungwa.

Wazo la nguo ya vijibomba vya maji lilikuwa limeshajaribiwa Farnborough, Uingereza, kwa ajili ya marubani. Apollo ikalichukua, ikaliunganisha na sublimeta, na mkoba wa kampuni ya Hamilton Standard ukajaribiwa na watu ndani ya vyumba vya ombwe hapa duniani kabla ya kupanda roketi. Mimi hiki ndicho kisa ninachokipenda kukisimulia wabishi wakinikalia. Wanadhani tunaamini kwamba tatizo la joto halikuwepo. Lilikuwepo, nusura limwondoe Cernan.

Kuna mtu anayetumia mfumo huu leo?

Upo kazini. Wanaanga wa Marekani wanaotoka nje ya kituo cha kimataifa cha anga huvaa nguo ya vijibomba na kubeba sublimeta. Mavazi ya Orlan ya Warusi nayo hupoza kwa nguo ya maji na kutupa joto kwa njia ileile. Tarehe 16 Julai 2013, Mwitaliano Luca Parmitano alikuwa nje ya kituo hicho maji yalipoanza kujaa kwenye kofia yake, yakapanda hadi puani na machoni, ikabidi arudi ndani kwa kupapasa. Maji yalitoka kwenye mfumo wa kupoza, baada ya vitundu vya kifaa cha kutenganisha maji na hewa kuziba. Asiyeamini kwamba ndani ya mavazi hayo kuna maji aanzie kwa Parmitano.

Je, hii inathibitisha kwamba walifika Mwezini?

Haithibitishi. Inaondoa tu hoja moja iliyosema haiwezekani. Kuna kilo 382 za mawe na udongo zilizoletwa, na picha za maeneo ya kutua zilizopigwa na chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter kinachozunguka Mwezi tangu 2009. Huo ni mjadala wake, na mimi ni mtu wa friji.

Mbona wazee wengi wa kwetu Nyanza hawana kumbukumbu ya siku hiyo?

Kwa saa zetu Apollo 11 ilitua saa tano na dakika 17 usiku, 20 Julai 1969, na Armstrong akakanyaga udongo saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri ya tarehe 21. Wengi walikuwa wamelala, na televisheni zilikuwa za kuhesabika. Lakini kuna zaidi. Tom Mboya, waziri wa Kenya na mwanasiasa mkubwa wa kwetu Nyanza, alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai, wiki mbili tu kabla. Ukimuuliza mzee wa Kisumu kuhusu Julai 1969, atakuambia habari za Mboya, na Mwezi utausahau wewe pia.

Shemeji yangu wa Kakamega hasikii la mtu. Nianzie wapi?

Mkubalie kwanza kila alicho sahihi nacho: hakuna hewa, AC haifanyi kazi, betri ni ndogo, angani hakukupozi. Atashangaa, kwa sababu amezoea kupingwa kuanzia salamu. Kisha muulize maji yakiwekwa kwenye ombwe yanafanya nini. Akisema hajui, mna pa kwenda. Akisema "hayo ni ya vitabuni", mwalike aone. Usimtumie video. Naye ana zake.

Nitaonaje mwenyewe?

Tafuta fundi mwenye pampu ya ombwe ya hatua mbili na chombo cha kuhimili ombwe, akriliki nene au kioo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Chupa ya kawaida usiitumie, inaweza kupasukia ndani na kurusha vipande. Weka kijiko kimoja au viwili vya maji kwenye kisahani cha plastiki, juu ya kipande cha sponji ili joto la meza lisipande. Vuta. Maji yatatoa mapovu kwanza, yatachemka kwa fujo, kisha yatatulia, na pampu ikiwa nzima utaona ngozi ya barafu ikitambaa juu yake. Mlete shemeji asimame karibu, aguse kisahani ukishafungua hewa.

Pampu itakuwa imemeza mvuke wa maji, na oili yake itageuka nyeupe kama chai ya maziwa. Imwage yote na uweke mpya kabla ya kuirudisha kazini, la sivyo friji ya mteja anayefuata haitavutika vizuri.